Chatu Mganga wa Macho

Hapo kale, juu ya jabali moja, aliishi Pimbi asiyelala, jina lake Mashavu. Kazi yake ilikuwa kulinda watoto wa ukoo, na kwa kukesha kwake weusi ukamkaa chini ya macho kama masizi ya chungu.

"Shoga, nani kakupiga?" wenzake walimcheka kila asubuhi.

Aibu ikamzidi. Wenzake walipokwenda malishoni, akamwita Chatu, aliyejitangaza kuwa mganga wa urembo.

"Dawa yake ndogo," Chatu alisema. "Lala chali, weka vipande vya tango machoni, upumzike."

"Na watoto ataangalia nani?"

"Mimi. Tangu nizaliwe sijafumba jicho."

Hilo lilikuwa kweli, maana chatu hana kope. Mashavu akalala. Ubaridi wa tango ulikuwa mtamu, na kelele za watoto wakicheza zilimbembeleza. Kisha zikapungua. Alijiambia wamechoka. Zikapungua tena.

"Mganga, mbona kimya?"

Mdomo wa Chatu ulikuwa umejaa.

Mashavu akavitupa vile vipande, akapiga mbinja. Watoto waliobaki wakajipenyeza kwenye nyufa, na Chatu akajivuta taratibu majanini, tumbo limetuna, akimtazama bila kupepesa.

Wenzake waliporudi, walimkuta analia, na chini ya macho yake hapana doa. Hakuna aliyemsifu.

Siku hizi weusi umerudi. Mgeni akiuliza nani kampiga Mashavu, wale wale waliomcheka ndio humjibu: "Bora weusi wa jicho kuliko weupe wa sanda."