Kompaila Isiyoomba Kibali

Nakumbuka enzi ambazo kila fundi alitumia kompaila aliyoitaka kugeuza msimbo kuwa programu. Leo inaruhusiwa moja tu, ya Mamlaka, na kila programu inayotoka humo huomba kibali kabla ya kufanya kazi, hata ya mashine ya kupumulia ya mama. Juzi kibali kilichelewa, midomo ikamgeuka rangi. Na Mamlaka wanauita utaratibu huo usalama!

Nilikuwa nimeficha msimbo wa kompaila ya zamani. Nikaijenga upya kwenye kompyuta yangu yenye mfumo wa Linux, pembeni ya kitanda cha mama.

“Ukikosea je, kaka?” aliuliza dada yangu, Kalunde.

“Mwache,” mama akasema. “Tangu utotoni anagombana na vitu visivyo na masikio.”

Kompaila ikakamilika bila hitilafu. Nikaisakinisha, nikaandaa kwayo programu ya mashine, nikawasha. Mama akavuta pumzi mbili, kisha kioo cha mashine kikaandika: Subiri kibali.

“Si ulisema hii haiombi?” Kalunde akafoka.

Ndipo nikaelewa: kompaila ya zamani niliijenga kwa kutumia ile ya Mamlaka, maana sikuwa na nyingine, nayo ile yao ikapenyeza ombi la kibali ndani yake kimyakimya.

Miaka yote sikuwahi kuwaomba watu wale wa Mamlaka kitu. Nikabonyeza kitufe cha Naomba, tukamshika mama mikono, tukasubiri.