Mti wa Nyumba ya Mize

Baragumu lilipolia, mji mzima uliingia baharini. Maji yalikuwa ya magoti, na kila nyumba ilikwenda kung'oa mti wake, ile miti inayoonyesha vyombo njia katikati ya miamba. Wakubwa hawakuonekana, wao siku za baragumu huumwa miguu.

Mize aliukumbatia mti wa nyumba yao bila kuung'oa. Mwanawe Vuai alikuwa bado nje na mashua yake, na merikebu za vita za adui zilikuwa zikija.

"Ng'oa, dada yangu," alisema Makame, jirani yake.

"Mwanangu atapitaje?"

"Bibi yako naye aliuliza hivyo hivyo. Akauacha, na adui akaufuata mpaka sokoni. Hatujasahau."

"Na wakubwa waliouza mizinga yetu ya vita, hao mmewasahau?"

"Hao nao tunawakumbuka. Lakini kwanza ng'oa."

Akavuta. Mti ulitoka na tope lake, na bahari yote ikawa tambarare kama mkeka, haina mlango wala dalili ya mlango. Merikebu ya mbele ilisita, ikageuka ubavu, kisha ikapanda mwamba kwa kishindo kilichotetemesha maji miguuni mwao. Nyingine zikaanza kurudi nyuma.

Mize hakuzitazama. Alimtwika Makame ule mti, akabaki palepale ulipokuwa, mahali Vuai alipozoea kuutafuta, amesimama wima, huku maji yakijaa na kumpanda kiunoni.