Kompyuta ya Kuchezea Karata

Kompyuta ililia tena: tii, tii, tii. Kioo kikabaki cheusi.

"Mlio uleule wa jana," mkewe alisema, tochi mkononi. "Fundi mzima umeshindwa na boksi hili?"

"Shusha tochi kidogo, mama watoto. Unanimulika machoni."

Maisha yake yote fundi huyo alikuwa ametengeneza redio. Sasa amestaafu, na kompyuta hii kuukuu ilikuwa inamtoa jasho. Alikwishabadili waya wa umeme. Alipuliza vumbi mpaka akapiga chafya. Betri ndogo ya ndani aliweka mpya. Kila alipowasha, ni mlio tu.

Kompyuta ilikuwa ya mkewe. Alipewa ofisini alipoacha kazi ya kupiga chapa, na jambo moja tu ndilo alilolifanya nayo: kucheza karata, peke yake, kuanzia chai ya jioni mpaka usingizi umkamate. Mumewe akimsemesha, alijibu "mm" bila kugeuza shingo. Watoto walishahama wote.

Tangu iharibike, mama huyo alikuwa mkali kama pilipili. Kila jioni alivuta kigoda, akashika tochi na kuanza kumsuta mumewe.

"Ndiyo yaleyale ya redio ya baba yangu. Uliirudisha ikishika stesheni moja."

"Mbili."

"Ya pili ilikuwa mikwaruzo!" Akacheka, halafu akakumbuka kuwa amekasirika. "Leo ni mwisho. Isipowaka, kesho naipeleka kwa fundi wa kompyuta."

"Atakufanyia nini? Vipuri vya kompyuta hizi haviuzwi tena popote."

"Basi atavifufua hivyohivyo vilivyomo. Wewe umeshindwa."

Fundi alitupa bisibisi mezani, akajishika kichwa. "Sijashindwa. Nipe nafasi."

"Naenda kuepua sufuria. Nikirudi nikute karata zangu."

Alipotoka, fundi alichomoa kibao chembamba cha kumbukumbu, ambacho bila hicho kompyuta haiwaki, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Meno ya shaba ya kibao hicho yalikuwa yameingia weusi. Akayasugua kwa kifutio cha penseli, taratibu, jino baada ya jino, kisha akakirudisha na kukibana mpaka kikalia ta. Akawasha.

Safari hii hakukuwa na mlio. Kioo kiling'aa, na pembeni ikatokea ile picha ndogo ya karata.

Aliitazama kwa muda. Kutoka jikoni alimsikia mkewe akiendelea kunung'unika, stesheni moja, stesheni moja.

Akaizima. Akachomoa kile kibao, akakivunja vipande viwili juu ya goti, akavitumbukiza mfukoni.

"Mama watoto!" aliita. "Njoo unishikie tochi. Bado inasumbua."