Upande wa Dawa

Mama Vifaranga alimnyanyua kuku kutoka kwenye mzani wa jikoni, akamweka tena, kana kwamba mshale ungemwonea huruma. Wapi!

"Na huyu ndiye anayekunywa dawa!" akafoka.

Banda lake la kuku wa nyama alikuwa amelikata katikati kwa wavu. Wa kushoto walikunywa maji yenye unga alioletewa na bintiye, msaidizi wa daktari wa mifugo. Ni bakteria waliokwisha kuuawa, binti alimweleza, wanaamsha kinga ya mwili, kuku asiugue, akue vizuri. Wa kulia walikunywa maji matupu.

Kundi lililopita liliteketea lote kwa ugonjwa. Safari hii alitaka kuona kwa macho yake kabla ya kumwamini mtu. Na ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshaingia kwa jirani.

Basi akaona. Wa kulia vifua vimejaa, wanatembea kama wenye nyumba. Wa kushoto vimbaumbau, manyoya yamewasimama.

"Mama, vumilia kidogo," binti alimwambia kwenye simu.

"Nimevumilia mpaka nimeota sugu! Dawa yako inawadumaza kuku wangu. Usiniletee tena hata chembe."

"Lakini mama, kwa jirani wanakufa, usiwaache hivi hivi..."

Akamkatia simu.

Mama mkwe wake akapita na kuku mnene kwapani. Yeye ndiye aliyefagia banda kila asubuhi. Kuku wale aliwajua kama wajukuu.

"Unampeleka wapi huyo, mama?"

"Namrudisha upande wa kulia. Na hasira hizo, mwanangu, zitakutia vidonda vya tumbo."

"Wavu wenyewe umelegea, wanatoroka tu," alinung'unika Mama Vifaranga.

Akachukua mfuko wa unga, akaumwaga wote chooni, akaufuatishia ndoo nzima ya maji. Akarudi bandani akijifuta mikono, moyo mweupe.

Mama mkwe alikuwa bado pale kwenye wavu. Sasa alishika kuku mwingine wa upande wa kulia, shingo imemlegea.

"Huyu naye kaanza kuzubaa," alisema, akimpitisha kushoto taratibu. "Mtilie dawa kwenye maji, mwanangu. Wote waliolegea kule nimekuwa nikiwaleta huku wodini, na wakishanenepa nawarudisha kwa wazima wenzao."