King'amuzi Kimoja Kilichobaki

Kwa mara ya tisa asubuhi ile mhandisi alipiga namba ile ile, na kwa mara ya tisa sauti ya mashine ikamjibu kwamba haipatikani. Akaibwaga simu mezani, akainuka, akaenda dirishani, akarudi. King'amuzi kipya kilikuwa ndani ya boksi lake juu ya kabati, na mwenyewe hajulikani aliko.

Kwa miaka miwili kazi yake ilikuwa moja: kuwahamisha watazamaji kutoka mfumo wa zamani wa urushaji kwenda mpya. Mfumo mpya ulibana picha vizuri zaidi. Nafasi iliyobeba chaneli kumi kwenye setilaiti sasa ingebeba ishirini na mbili. Lakini ving'amuzi vya zamani havikuuelewa, na mamlaka ya mawasiliano iliweka sharti: mawimbi ya zamani yasizimwe mpaka mteja wa mwisho akabidhiwe king'amuzi kipya mkononi. Mhandisi alikwisha kubadilisha laki tatu na arobaini elfu. Kilibaki kimoja.

Mkurugenzi alichungulia mlangoni, hakuingia. "Saa sita kamili mawimbi ya zamani yawe yamezimwa, tena kihalali. La sivyo, saa saba unikabidhi funguo za ofisi hii."

"Mkuu, simpati. Simu haipatikani, sanduku la posta lilifungwa zamani."

"Mtu atazame televisheni miaka kumi na moja, asijulikane alipo?"

Huyu aliweza. Kadi ya king'amuzi chake ilikuwa hai tangu wiki ambayo kituo kilianza kurusha matangazo. Hakuwahi kulalamika hata mara moja, hata ule mwezi wa mvua ambapo nusu ya wateja walipiga simu kutukana.

Mhandisi alishindwa kukaa. Akashuka ngazi mbili mbili hadi chumba cha mitambo, ambako fundi wa zamu alikaa mbele ya skrini mbili, moja ya mfumo mpya na moja ya zamani, akivizia hitilafu kabla watazamaji hawajaiona.

"Hujampata tu shemeji yetu?" fundi aliuliza bila kugeuka. "Mwambie nimeota mvi kwa ajili yake. Kutwa nalinda picha ya mtu mmoja."

"Labda alishakufa, dada. Televisheni imebaki inaongea peke yake."

"Marehemu gani huyo mwenye kifurushi cha chaneli zote?" Akacheka, kisha akamtazama usoni na kuacha. "Sikiliza, kaka. Mkatie kadi. Mtu king'ang'anizi hivyo, picha ikimpotea dakika moja atakutafuta mwenyewe."

"Sharti linasema mteja asiachwe gizani."

"Dakika moja si giza. Ni kupepesa jicho tu. Au unapenda kukabidhi funguo?"

Alipanda tena ofisini. Saa tano na dakika arobaini na moja. Akaifungua orodha yenye mstari mmoja, akaikagua namba ya kadi tarakimu kwa tarakimu, akabonyeza. Neno *hai* likageuka *imesitishwa*.

Akaisogeza karibu simu ya huduma kwa wateja wa mfumo wa zamani, ambayo siku hizi ililia mezani kwake tu, kama ililia. Akafungua kalamu. Akashusha boksi kutoka kabatini, akatia funguo za gari mfukoni. Akasimama. Akakaa. Akasimama tena.

Sekunde hamsini hazijatimia, simu ikalia.

"Huduma kwa wateja, karibu!" aliropoka. "Usikate, nakuomba. Niambie uko wapi, nakuletea kingine sasa hivi."

"Niwe wapi tena, kaka? Niko huku chini," alisema fundi wa zamu. "Skrini yangu ya mfumo wa zamani imekuwa nyeusi, na imeniandikia nipige namba hii."