Doa Jeupe

Barua ilitoka kwa mtu ambaye Sihaba hakumjua, kama zilivyo barua zote za kazi yake. Alitunga programu ya kusoma picha za ubongo, akaigawa bure, na yeyote aliruhusiwa kuifungua ndani na kuirekebisha.

“Shikamoo, mama,” aliandika mtu huyo, aliyejiita Ndimbwa. “Kwenye picha ya mfano kuna doa jeupe kando ya kichwa. Nimelifuta. Naomba uidhinishe.”

Sihaba akacheka. Lile halikuwa doa. Kilikuwa kidonge cha mafuta ya samaki, alichokibandika kwa plasta kwenye panja la kulia la kaka yake Mshamu siku alipopigwa picha hiyo, ili kulia na kushoto visije vikachanganywa. Ndivyo wafanyavyo wenye kazi yao. Akaifungua picha ile ya awali, kabla haijafutwa doa, amwoneshe kijana wa watu.

Kidonge kiling'aa upande mmoja. Neno KULIA, lililoandikwa na programu yake mwenyewe, lilikuwa upande wa pili.

Miaka tisa programu ilikuwa ikigeuza kulia kuwa kushoto. Alianza kuzihesabu hospitali zilizoichukua programu ile. Alipofika arobaini akaacha.

“Marahaba,” akajibu. “Doa lirudishe. Kosa ni langu.” Kisha akaanza barua ya kuwaandikia wote, ikamshinda palepale kwenye “Ndugu”.

Mshamu akaingia na chai. “Bado unacho tu kichwa changu humo?”

“Hebu simama hapo.”

Akanyoosha mkono aliguse panja lililobeba kidonge. Mkono ukasita hewani, katikati ya uso wa kaka yake, asijue tena kulia ni upande upi.