Mbuzi Ndani ya Ambulensi

"Mbuzi walikuwa sita, na wawili walipanda kitanda cha mgonjwa," Munguti alisema kwenye maikrofoni, na watu wakaanza kucheka kabla hajaendelea. "Mmoja akakohoa. Mheshimiwa akamwambia dereva, washa king'ora, huyu hali yake si nzuri."

Ilikuwa Jumapili mchana, mwaka 2002, kwenye baa ya nyama choma ya Simel, Kitengela.

"Lakini muwaonee huruma. Hao ndio wagonjwa pekee Kenya hii wanaopanda ambulensi wakiwa wazima, wakifika wanachinjwa."

Hakuna aliyehitaji kuambiwa mheshimiwa ni nani. Ambulensi ya wadi ilinunuliwa kwa harambee, na ufunguo ukakaa nyumbani kwa Diwani Parmuat. Mwezi wa Machi, alipokuwa akimwoza binti yake kule Mashuuru, aliipakia mbuzi na kreti za soda, akaketi mbele, wakashika barabara ya Namanga. Kabla ya kufika Isinya, wanawake watatu walikuwa kando ya lami wakipunga leso. Nyuma yao, kwenye mkeka, alilala Munyiva, mke wa Munguti, mja mzito wa miezi minane, akivuja damu. Ambulensi ilikuwa inaelekea upande uleule wa hospitali. Haikusimama. Munyiva na mtoto walizikwa siku moja.

Munguti alikuwa dereva wa lori. Kila aliyemuuliza aliambiwa kwamba siku hiyo yeye alikuwa Loitokitok akipakia vitunguu. Baada ya mazishi aliacha lori, akaanza kuchekesha watu.

"Dereva naye aliona leso," aliendelea. "Mguu ukaenda kwa breki. Mheshimiwa akasema, twende, hao watapata gari ingine. Mguu ukarudi. Huo mguu ulikuwa na akili kuliko mwenyewe. Ulijua nani anaandika watu kazi."

Watu walicheka, kisha wakamlaani huyo dereva.

Kwenye meza ya nyuma, Maundu hakucheka. Alikuwa kaka yake Munyiva, mchonga mawe kwenye machimbo, na alikuja kila Jumapili. Maonyesho yalipokwisha alimfuata Munguti nje.

"Shemeji, maneno ya ndani ya gari umeyajuaje?"

"Dereva aliniambia."

"Kwa hivyo unamjua. Nipe jina. Huyo nitamuua, na sitajificha."

"Ni haki yako," Munguti alisema. "Lakini nikikupa leo, kesho uko ndani, na Parmuat anachaguliwa tena huku watu wakikuongelea wewe. Wacha tumwangushe kwanza. Kura zikishahesabiwa, nakupa dereva."

Maundu alifikiri, akampa mkono. Dada yake alipokuwa hai, Maundu hakumpenda Munguti sana. Sasa alimwona kuwa mtu pekee aliyebeba uchungu sawa na wake.

Desemba, Parmuat alifanya mkutano wake wa mwisho wa kampeni karibu na soko la Kitengela. Msimamizi wa jukwaa alikuwa ametoka Kajiado mjini. Aliomba mchekeshaji wa kuchangamsha watu, akaletewa Munguti, asijue ni nani.

Munguti aliwasalimu wazee kwa Kimaasai, "Sopa," wakaitikia, "Ipa." Kisha akawaleta wale mbuzi sita mmoja mmoja, na safari hii hakusema mheshimiwa. Alisema Parmuat. Alisema Munyiva pia.

Parmuat alisimama. "Hiyo gari haikutoka siku hiyo. Ilikuwa kwangu, imefungwa."

"Basi mbuzi walitembea mpaka Mashuuru," Munguti alisema. "Na soda pia zikatembea."

Hata vijana waliovaa fulana za Parmuat walicheka. Diwani alimsogelea Munguti, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo Maundu, aliyesimama mbele kabisa, aliisikia.

"Unataka niongee?"

"Ongea." Munguti alimnyooshea maikrofoni. "Hata mimi nangoja."

Parmuat aliitazama ile maikrofoni. Hakuishika. Alirudi kwenye kiti chake, na alipokuwa akiketi, mtu mmoja huko nyuma akalia kama mbuzi. Wa pili akamjibu. Mara uwanja mzima ukawa unalia, wazee kwa watoto, na Maundu akalia pamoja nao mpaka koo likamkauka. Tangu siku hiyo Parmuat hakupita popote, kanisani wala petroli stesheni, bila kuliliwa kama mbuzi. Siku ya kura alishindwa vibaya.

Matokeo yalipotangazwa, Maundu alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa Munguti. Alimkuta amefagia uwanja na kuanua nguo. Kuku wake wote alikuwa amempa jirani yake, Nasike, mmoja wa wale waliopunga leso.

"Nimemwacha Parmuat pale kura zilipohesabiwa," Maundu alisema. "Anatoka machozi. Sasa nataka dereva."

Munguti alimkaribisha ndani. "Dereva wa kila siku alikataa kubeba mbuzi," alisema polepole. "Parmuat akatafuta mtu wa siku moja, akamwahidi kazi ya kudumu. Huyo mtu aliona leso tu. Nyuso hakuziangalia. Jioni alirudi kwake akiwa amebeba nyama."

"Sitaki hadithi, shemeji. Nataka jina."

Munguti alifunga mlango kwa ndani. Alimvutia Maundu kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama mbele yake.

"Aliyekuwa anaendesha ni mimi," akasema.